STEMPU YA SHILINGI 500 NA KIBANJA CHA MAISHA

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mtu aulizwapo mali yake ni nini, aghalabu hutaja kibanja chake kwanza. Humo mna migomba inayomlisha, mibuni inayomlipia ada ya watoto, na mara nyingi makaburi ya wazee wake. Kwa hiyo kibanja kinapouzwa au kununuliwa, jambo lililotendeka si dogo. Na kwa sababu hiyo yatupasa kusema waziwazi juu ya neno moja ambalo wananchi wengi hawalijui mpaka siku wanaposimama mbele ya baraza: karatasi ya mauziano isiyolipiwa ushuru wa stempu ina kilema kikubwa, na kilema hicho hujitokeza saa ile ile mwenyewe anapoihitaji karatasi yake.

Sheria ya Ushuru wa Stempu ilitungwa mwaka 1972, nayo leo ni Sura ya 189 ya sheria za nchi. Sheria hiyo yataka hati za namna zilizotajwa katika jedwali lake, zikiwamo hati za kuhamisha ardhi na nyumba na mikataba ya kupangisha, zilipiwe ushuru katika muda wa siku 30 tangu kutiwa sahihi. Kifungu cha 47, kama kilivyo katika toleo la mwaka 2019, chasema kwamba hati inayopaswa kulipiwa ushuru, kama haikulipiwa ipasavyo, haitapokelewa kuwa ushahidi na mtu yeyote mwenye mamlaka ya kupokea ushahidi, wala ofisa wa umma hataifanyia kazi wala kuisajili. Lakini kifungu hicho hicho kimeacha mlango: hati hiyo yaweza kupokelewa kama mwenyewe atalipa ushuru uliopungua pamoja na adhabu yake. Katazo na mlango huo ndivyo kiini cha mabishano yote tunayotaka kuyazungumza. Shida ni kwamba katika ugomvi wa ardhi watu hulikumbuka sana katazo, na mlango wakausahau.

Tuanze na kiasi chenyewe, maana wengi huogopa wasichokijua. Katika jedwali la viwango ambalo Mamlaka ya Mapato Tanzania imekuwa ikilitangaza kwa umma, hati ya kuhamisha ardhi ya kilimo hulipiwa shilingi 500 tu. Hati ya kuhamisha mali nyingine isiyohamishika, kama nyumba au kiwanja cha mjini, hulipiwa kwa kadiri ya asilimia 1 ya thamani. Basi mtu aliyenunua kiwanja kwa shilingi milioni 10 ushuru wake ni karibu shilingi 100,000. Na mkulima aliyenunua shamba kwa fedha hizo hizo ushuru wake ni shilingi 500. Jirani zetu wa Kenya hutoza asilimia 4 kwa ardhi ya mijini na asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Serikali yetu imemwekea mkulima mzigo asioweza kuubeba. Shilingi 500 haimzuii mtu aliyekwisha kulipa mamilioni kwa shamba. Kinachomzuia ni kutojua, na umbali wa mahali pa kulipia.

Kutojua huku kuna sababu zake, nazo yafaa tuzitazame bila kumcheka mtu. Desturi ya mauziano katika nchi ya Karagwe ni ya zamani kuliko ofisi zote za kodi. Muuzaji na mnunuzi hukutana shambani, ndugu wa ukoo na majirani wa mpakani huitwa, mipaka hutembelewa kwa miguu na milamula huonyeshwa mmoja mmoja, kisha watu hunywa rubisi kuwa alama ya ushahidi. Ilipokuja karatasi, iliongezwa juu ya desturi hiyo. Siku hizi mapatano huandikwa, mashahidi wa pande mbili hutia sahihi au dole gumba, mwenyekiti wa kitongoji huandika jina lake, na ofisa mtendaji wa kijiji hugonga muhuri. Pengine mnunuzi hutozwa na fedha ya ofisi. Baada ya hayo yote, mwananchi huikunja karatasi yake, huitia katika mfuko wa nailoni, huifungia sandukuni, na moyo wake hutulia.

Hapo ndipo kosa linapoingia. Muhuri wa kijiji si stempu ya ushuru. Muhuri washuhudia kwamba viongozi wa mahali walikuwapo na mapatano waliyaona. Wala fedha iliyotolewa katika ofisi ya kijiji haikuingia katika hesabu ya ushuru wa stempu. Mwananchi aliyelipa mara moja hufikiri amelipa yote, na hapana mtu aliyemwambia vingine. Jambo hili ni rahisi kulieleza kwa dakika mbili siku ile ya mauziano, lakini huwa zito sana kulieleza miaka 8 baadaye, mnunuzi akiwa amekwisha kupanda mibuni na kujenga nyumba, na muuzaji akiwa amekufa.

Kwa maana ugomvi wa ardhi hauji siku ya pili. Sheria ya ukomo wa madai huruhusu dai la kurudisha ardhi lifunguliwe hata katika muda wa miaka 12. Katika miaka hiyo mengi hugeuka. Bei ya kahawa hupanda, na shamba lililoonekana la kawaida likawa la kutamaniwa. Watoto wa muuzaji hukua na kuuliza ni nani aliyemruhusu baba yao kuuza. Ndugu wa ukoo aliyekuwa Mwanza au Dar es Salaam hurudi na kusema hakupewa habari. Mashahidi hufa au huhama. Ndipo karatasi ile ya sandukuni inapotolewa, na mara upande wa pili husimama na kusema: hati hii haina stempu, isipokewe. Na kwa kuwa sheria ya ushahidi haipendi maneno ya mdomo yashike mahali pa mapatano yaliyokwisha kuandikwa, mtu aliyenyang'anywa karatasi yake huweza kujikuta hana kitu cha kusimamia, ingawa kijiji kizima chajua kwamba alinunua.

Tunauliza: je, ndiyo haki iliyokusudiwa? Yafaa tukumbuke kwamba sheria hii ni sheria ya mapato. Ushuru wa stempu ni kodi ya kale. Uingereza iliuanzisha mwaka 1694 ili kupata fedha za vita vyake na Ufaransa, na mwaka 1765 ilipowatwika watu wa makoloni yake ya Marekani kodi ya namna hiyo, walikasirika hata ikabidi ifutwe mwaka uliofuata. Katazo la kuipokea hati isiyolipiwa liliwekwa ili kuilinda hazina ya umma. Serikali ikikwisha kulipwa ushuru wake pamoja na adhabu, haina tena dai juu ya karatasi ile. Kwa nini basi jirani mwenye tamaa, ambaye hazina si yake na ushuru si wake, aligeuze katazo hilo kuwa panga la kumkatia mwenzake kibanja?

Mahakama zetu hazikuliacha swali hili bila jibu. Katika shauri lililochapishwa katika ripoti za mashauri za Afrika Mashariki za mwaka 1958, Jaji Law alikubali kanuni iliyotolewa na mahakama ya Lahore katika uamuzi uliochapishwa mwaka 1930: kwamba kabla ya kuikataa hati kwa sababu hii moja tu ya kukosa stempu ipasayo, mahakama yapaswa kumpa mwenye hati nafasi ya kulipa ushuru na adhabu. Kanuni hiyo ina umri mkubwa, nayo ni ya busara. Kadhalika Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, katika kifungu cha 45, yasema kwamba uamuzi wa baraza hautatenguliwa katika rufani kwa sababu ya ushahidi uliopokelewa au kukataliwa isivyo sawa, isipokuwa kosa hilo limeleta upotevu wa haki. Ukiyatia maneno haya mawili pamoja, utaona kwamba nia ya sheria ni kumaliza ugomvi kwa haki, na kuipatia Serikali fedha yake njiani.

Lakini kanuni iliyomo katika vitabu vya mawakili haimfai mkulima asiye na wakili. Katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, watu wengi hujisimamia wenyewe. Mkulima atolewapo pingamizi la stempu hajui kwamba ana haki ya kusema: nipeni nafasi nilipe. Hunyamaza, karatasi yake huwekwa kando, na shauri huendelea bila hiyo. Au pengine karatasi hupokelewa bila neno, mwenye nayo hushinda, kisha katika rufani Bukoba hoja ya stempu huibuliwa kwa mara ya kwanza, na kazi ya miaka huanza kutikisika. Namna zote mbili ni upotevu. Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu huzibwa kwa swali moja, ambalo mwenyekiti wa baraza aweza kuliuliza siku ya kwanza hati inapoletwa: ushuru wake umelipwa? Kama haukulipwa, shauri liahirishwe kwa siku chache, mwenyewe akalipe, na risiti iletwe barazani. Hapo Serikali imepata, mwenye haki hakupoteza, na mdai wa hila amenyang'anywa silaha yake.

Sasa tuitazame adhabu. Hatusemi kwamba adhabu iondolewe. Mtu alipaye katika siku 30 na mtu akaaye miaka 10 bila kulipa hawawezi kuwa sawa. Kama wakiwa sawa, hapana atakayelipa mpaka aguswe na kesi. Lakini adhabu yafaa iwe na kipimo. Sheria ya Stempu ya India ya mwaka 1899, ambayo sheria nyingi za upande huu wa Afrika zilifuata nyayo zake, iliweka adhabu ya kufikia mara kumi ya ushuru uliopungua. Hebu tulipige hesabu kwa kipimo hicho. Kwa mkulima mwenye hati ya shamba ya shilingi 500, mara kumi ni shilingi 5,000, naye aweza kulipa. Kwa mtu aliyenunua kiwanja cha shilingi milioni 10, ambaye ushuru wake ni karibu shilingi 100,000, mara kumi ni karibu shilingi milioni 1, yaani sehemu ya kumi ya bei yote. Adhabu ya namna hiyo hugeuka ikamtisha mtu asiende kujisahihisha. Twaona ingefaa sheria imtenge mtu aliyejileta mwenyewe kabla ya ugomvi na mtu aliyeficha kwa makusudi. Wa kwanza apewe nafuu, na wa pili aonje ukali.

Maana wako pia wanaoficha kwa makusudi, nasi hatutawatetea. Katika miji inayokua, kama Kayanga na Omurushaka katika Karagwe, na Nkwenda katika Kyerwa, mashamba ya jana yanakatwa kuwa viwanja leo. Hapo huzaliwa ubishi wa namna mbili. Kwanza, hati huandikwa kuwa ni ya shamba ili ilipiwe shilingi 500, na kumbe mnunuzi amenunua kiwanja cha duka penye barabara. Pili, bei huandikwa chini ya ile iliyolipwa, ili asilimia 1 iwe ndogo. Mtu amelipa milioni 10, karatasi ikasema milioni 2. Anayefanya hivyo hujiona mjanja, kwani ameokoa shilingi 80,000. Hajui kwamba amejichimbia shimo. Siku mauziano yatakapovunjwa, labda kwa kuwa muuzaji hakuwa na haki ya kuuza, mnunuzi atadai arudishiwe fedha yake, na baraza litamwuliza karatasi yasema nini. Karatasi yasema milioni 2. Je, atasimama mbele ya baraza na kusema kwamba aliidanganya Serikali, na sasa aaminiwe? Milioni 8 zimekwenda kwa ajili ya kuokoa shilingi 80,000.

Kwa upande mwingine, ni haki pia kuwataka maofisa wa mapato wasimgeuzie mkulima shamba lake kuwa kiwanja kwa kutazama bei tu. Kibanja chenye migomba na mibuni kilichoko kijijini ni ardhi ya kilimo, hata kama kimeuzwa kwa fedha nyingi kwa sababu mibuni yake ni mizuri. Panapokuwa na shaka, macho yaende shambani. Na raia aelezwe kwa maandishi ushuru wake umepigwaje hesabu, ili kama haridhiki ajue pa kupeleka lalamiko lake.

Yafaa pia tuonye kwamba stempu si dawa ya kila ugonjwa. Ushuru ukilipwa, hati yapata ruhusa ya kusikilizwa. Haipati kwa hayo nguvu ya kuhalalisha mauzo ya hila. Mtu aliyeuza shamba lisilo lake hatasafishwa na risiti ya shilingi 500. Mume aliyeuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mkewe bado anavunja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Wala Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikuacha kutaka idhini ya halmashauri ya kijiji katika kuhamisha haki ya ardhi ya kimila. Mnunuzi mwenye akili hutimiza hayo yote, kisha hulipa stempu yake iwe kifungo cha mwisho.

Tunalisema jambo hili katika ukurasa huu kwa kuwa mkulima wa nchi hii alipata uhuru wa ardhi yake kwa taabu. Katika Bukoba na Karagwe kulikuwa na nyarubanja, ambapo mtu alilima kibanja cha maisha yake huku akimtumikia bwana wa ardhi na kumpa sehemu ya mazao. Mwaka 1965 Bunge lilitunga Sheria ya Nyarubanja ili kumkomboa mtwana huyo, na mjukuu wake leo hulima pasipo bwana. Lingekuwa jambo la aibu kama mjukuu huyo, aliyeokolewa katika utumishi wa bwana wa nyarubanja, angepokonywa kibanja kwa sababu ya stempu asiyoambiwa habari zake, tena iliyoandikwa katika sheria ya lugha asiyoisoma. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo ni ya kusifiwa sana. Na faida yake itaonekana siku sheria kama hii ya stempu itakapobandikwa kwa Kiswahili chepesi katika ukuta wa kila ofisi ya kijiji, kuanzia Nyaishozi hata Murongo.

Basi twatoa shauri letu. Kwa wananchi: yeyote anunuaye shamba, asihesabu mauziano kuwa yamekwisha mpaka ameshika risiti ya stempu, na aiweke pamoja na hati, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Kwa kawaida mnunuzi ndiye alipaye, lakini pande mbili zaandike katika mapatano ni nani, ili pasiwe na kusukumana. Aliye na hati ya zamani isiyolipiwa asingoje kushtakiwa. Aende sasa, wakati adhabu haijafuatana na hasara ya kesi. Kwa watendaji na wenyeviti wa vijiji: ninyi ndio mnaoiona kila hati siku inapozaliwa. Msigonge muhuri bila kumwambia mnunuzi kwamba ana siku 30. Neno hilo halina gharama, nalo laweza kuokoa kibanja.

Kwa Mamlaka ya Mapato: mlipaji wa shilingi 500 asilazimike kutumia nauli ya maelfu kuifikia ofisi. Namba za malipo kwa simu zimekwisha kurahisisha kazi nyingi. Na hii nayo irahisishwe, tena maofisa wazifikie siku za gulio za vijiji vya mbali wakati wa mavuno ya kahawa, watu wanapokuwa na fedha mkononi na mauziano ni mengi. Kwa mabaraza: tangu mwaka 2021 Mabaraza ya Kata yamebaki na kazi ya kupatanisha. Hiyo ndiyo nafasi njema ya kuitazama karatasi ya kila upande na kumwelekeza mtu akalipe kabla hajafika wilayani. Na kwa mashina na matawi ya Chama: mikutano yenu isiwe ya kuhesabu kadi tu. Balozi awezaye kuwaeleza watu wake habari ya stempu amewafanyia kazi kubwa kuliko hotuba ndefu.

Sheria njema ni ile inayomfikia mtu kabla ya kumhukumu. Shilingi 500 ni mali ya Serikali, na ilipwe. Kibanja ni mali ya aliyekinunua kwa haki, na kibaki chake.